UZI: Nilivyopelekwa Yuendumu, katikati ya jangwa la Australia, na bibi aliyenipa ukoo

Mtu wa Dodoma

Wakuu habari za saa hizi. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeona na mimi niandike maana kila uzi wa Australia ni Sydney, Perth, viza, ada, kazi za viwandani, basi. Mimi nakaa Alice Springs, mji mdogo katikati kabisa ya nchi, mwaka wa nne huu, natunza wazee. Waafrika tupo wengi tu kwenye kazi hii hapa, Wakenya, Wazimbabwe, na sisi Wabongo wachache. Nataka niwasimulie safari ya Yuendumu, nitaandika kwa vipande maana nipo shifti za usiku, mnivumilie.

Yuendumu ni kijiji cha Wawarlpiri, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Australia, watu mia saba na kitu, kama kilomita 290 kaskazini magharibi ya hapa. Unatoka na Stuart Highway kuelekea kaskazini kilomita kama 20 unakata kushoto unaingia Tanami Road, hiyo ukiifuata mpaka mwisho inakutoa Halls Creek huko Australia Magharibi, kilomita kama 1000 za jangwa tupu na vituo vya mafuta vya kuhesabu kwa vidole.

Sikuenda kutalii. Kuna bibi mmoja nilikuwa namhudumia, jina lake silitaji. Figo zake zimeshakufa, anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, kila mara kwa masaa 4 mpaka 5. Alikuwa anaishi mjini kwa ajili ya mashine tu, hana kingine kinachomuweka hapa. Kila jioni nikimtoa barazani ananiambia nigeuze kiti, mimi mwanzo nilidhani jua linampiga machoni, kumbe anataka aelekee kaskazini magharibi. Anakaa hivyo mpaka giza linaingia, halafu anasema neno moja, ngurra. Ngurra kwa Kiwarlpiri ni nyumbani, ni kambi, ni pale ulipotandika usiku huu, na ni nchi ya babu zako, yote hayo neno moja.

Ikapatikana nafasi ya wiki 2 kwenye mashine ya kule kule kijijini kwake. Mjukuu wake akaja na Landkruza kumchukua, bibi akamwambia na huyu kijana naye tunaenda naye. Nikaomba likizo siku hiyo hiyo.

Binti Kilindini

Nimeweka kiti mbele kabisa. Swali la haraka kabla hujaendelea, mtu anaweza kwenda tu hivi hivi akiwa na gari lake? Maana mie niko Melbourne na tunapanga na wenzangu kwenda kuona ule mwamba wa Uluru Disemba, tukasema tukifika huko tupitie na kijiji cha wenyeji tuone wanavyoishi.

Mtu wa Dodoma

Dada, kwanza Disemba msiende, joto linapita nyuzi 40 na gari likizima njiani ni hatari ya kweli, watu wanakufa. Nendeni mwezi wa 6 mpaka wa 8, mchana hali ya hewa nzuri, ila usiku baridi inashuka hadi karibu na sifuri, bebeni makoti.

Pili, hapo kwenye "tupitie tuone wanavyoishi" naomba nikae kidogo maana ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika uzi. Yale ni makwao. Kwetu Dodoma huwezi kuona moshi unatoka uani kwa watu ukaingia kuchungulia wanapika nini, unapiga hodi, unasubiri, ukiitikiwa karibu ndio unaingia, usipoitikiwa unarudi. Huku hodi ni kibali. Sheria ya ardhi ya mwaka 1976 iliwarudishia wenyeji wa Northern Territory, jimbo letu hili, ardhi zao nyingi pamoja na haki ya kusema nani aingie, kwa upande wa huku unaomba kwa Central Land Council, baraza la ardhi la wenyeji. Baada ya 2007 serikali kuu ilipoingilia mambo ya vijiji ikalegeza masharti kwa sehemu za wazi za vijiji, kwa hiyo utakutana na watu watakwambia siku hizi hakuna haja. Mimi nasema omba. Tanami Road yenyewe ni ya umma, unapita, ila ukitaka kukata kwenda kulala porini au kwenye miamba, hapo ni kwa mtu.

Na hodi inaweza isiitikiwe. Safari yetu iliahirishwa mara ya kwanza kwa sababu kulikuwa na msiba. Msiba kule unasimamisha kila kitu, familia zinahama nyumba aliyokufia mtu, wageni hawaingii, hata mjukuu alisema tu "msiba" nikajua nirudishe begi kabatini.

Ukitaka sehemu ambayo mgeni anakaribishwa moja kwa moja, ni kituo cha uchoraji, Warlukurlangu, piga simu kabla. Nitakieleza.

Mzee wa Nzega

Mleta uzi endelea, ila niulize bila kuficha. Huku kwenye mitandao wanasemwa ni watu wa pombe na kupigana tu. Wewe umeishi nao, ukweli upoje?

Mtu wa Dodoma

Mkuu nashukuru umeuliza wazi. Yuendumu pombe hairuhusiwi, unakuta bango njiani, na hata kwenye gari letu mjukuu alikagua kabla hatujatoka mjini. Nisikudanganye, pombe imeumiza watu wengi huku, nawaona Alice Springs, inaniuma. Lakini mtu anayewaona wale wanaokaa chini ya miti mjini akadhani amewaona Wawarlpiri, ni sawa na mgeni ashuke Ubungo stendi usiku halafu aseme ameijua Tanzania. Wengi wa wale wamekuja mjini kumsindikiza mgonjwa, wamekwama, hawana pa kulala.

Na kuna kitu sikukijua mpaka bibi aliponiambia tukiwa njiani. Tumefika sehemu akamwambia mjukuu asimamishe gari, akanyoosha mkono upande wa kulia, kule mbali, akasema mama yangu alikimbia kutoka kule akiwa msichana. Mwaka 1928. Mzungu mmoja mtega mbwa mwitu, Fred Brooks, aliuawa mwezi wa 8 mwaka ule sehemu inaitwa Yurrkuru. Polisi mmoja, Konstebo William Murray, akaongoza kundi la watu wenye farasi na bunduki wakapita kambi kwa kambi kwa wiki kadhaa wakiua watu ambao hata hiyo habari walikuwa hawaijui. Hesabu ya serikali ni watu 31, wenyewe wanasema ni wengi kuliko hapo, kwa mbali. Tume ikaundwa, ikasema polisi hakukosea. Inaitwa mauaji ya Coniston. Sio zamani hizo wakuu, ni mtu mwenye mama yake. Waliobaki wakatawanyika kila upande, na Yuendumu yenyewe ilianzishwa 1946 kama kituo cha serikali cha kugawia posho, unga, chai, sukari, ili watu wakae sehemu moja.

Bibi hakulia wala nini. Aliangalia kama dakika 5, akasema twende.

Kijana wa Lodwar

Hiyo imenishika bana. Mimi ni wa Turkana, jangwa najua. Ebu tuambie nchi yenyewe inafanana aje, na barabara.

Mtu wa Dodoma

Udongo mwekundu, mkuu, ule wa kuingia kwenye kope. Mimi nimekulia kwenye vumbi la Ugogo lakini hili ni jekundu kama matofali yaliyosagwa. Sio jangwa la mchanga mtupu kama watu wanavyowaza, kuna majani makavu yanachoma kama sindano wanayaita spinifex, yamekaa matuta matuta, na miti ya mulga, hiyo ni jamii ya migunga yetu, ukiiona unaweza kudhani uko Manyoni. Vichuguu vimejaa. Vile vindege vya kijani na njano watu wanafuga kwenye tundu mijini, budgie, huku ndiko kwao, wanapita kundi zima wakigeuka kwa pamoja angani. Na ngamia! Ngamia pori, waliletwa karne ya 19 na watu kutoka kule Afghanistan na India kubeba mizigo, magari yalipokuja wakaachiwa, sasa wamezaana. Usiku usiendeshe, kati ya ngamia, ng'ombe na kangaruu huwezi kumaliza salama.

Barabara sehemu ina lami, sehemu ya udongo imefanya mawimbi magumu kama bati la nyumba, gari linatetemeka mpaka meno. Unapunguza upepo kwenye matairi, unabeba spea 2, maji lita nyingi kuliko unavyodhani, simu haishiki mpaka ukaribie kijiji. Sisi pancha tuliipata baada ya Tilmouth Well, kituo cha mafuta kama nusu ya njia hivi na zaidi. Wakati tunafunga jeki bibi alikuwa ameshashuka, amewasha moto wa vijiti, kabandika chai. Chai ya rangi sukari nyingi. Dakika 20 tu hapo jangwani pamekuwa nyumbani.

Niseme sasa kuhusu ukoo maana ndio moyo wa habari yote.

Jioni ya kwanza tumekaa uani, nje, maana maisha yote ni nje, ndani ni kwa kuweka vitu. Magodoro yametolewa, moto kila familia na wake, mbwa wamejaa. Watu wanapita wanamuuliza bibi kitu wakiniangalia mimi. Hawaulizi jina langu, hawaulizi kazi. Wanauliza huyu ni nani kwetu. Wawarlpiri wote wamegawanyika makundi 8, kwa Kiingereza cha kule wanaita ngozi ya mtu lakini haihusiani kabisa na rangi. Wanaume majina yanaanza na J, wanawake na N. Bibi yeye ni Napaljarri. Watoto wa Napaljarri ni Jupurrurla na Napurrurla, na watoto wa Napurrurla ni Japangardi na Napangardi. Bibi akasema mimi ni Japangardi. Yaani mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Na kuanzia hapo nimwite jaja.

Ndani ya dakika chache nina ndugu kijiji kizima. Kila Japangardi ni kaka yangu, kila Japanangka ni baba, watoto wadogo wananiita baba na wengine wananiita mjomba kabisa na wanajua kwa nini, mimi ndio sijui.

Omwana w'e Masaka

Ngoja ngoja, umesema jaja? Kwetu Buganda jjajja ni bibi au babu! Imekuwaje hii?

Mtu wa Dodoma

Ni bahati tu mkuu, lugha hazina udugu, jaja kwa Kiwarlpiri ni mama yake mama, na bibi naye anamwita mjukuu wa binti yake jaja hivyo hivyo, mnaitana. Nilimwambia jaja kwamba Uganda nako wanasema hivyo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua.

Sasa ukoo unakuja na heshima zake. Siku ya pili dukani nimesimama foleni, mama mmoja mbele yangu akageuka akaniona, akaacha vitu vyake pale pale kaunta akatoka nje kwa mlango mwingine. Nikashtuka, nikajiuliza nimemkosea nini. Mjukuu akaninong'oneza, yule ni Nungarrayi, mama mkwe wako. Mke wa Japangardi ni Nampijinpa na mama yake Nampijinpa ni Nungarrayi, kwa hiyo kila Nungarrayi ni mkwe, hamsogeleani, hamwangaliani, hamwongei. Wakuu mimi mtu wa kwetu nililielewa hilo bila kufundishwa. Marehemu babu yangu alikuwa akisikia sauti ya mama mkwe wake anakata kichochoro. Nikarudi nyuma, nikatoka nje kwa mlango wa mbele nikasubiri mpaka amalize. Jioni habari ilishafika kwa jaja kwamba nimefanya vizuri, na nyama nikapewa kipande kinene.

Nyama yenyewe ni mkia wa kangaruu, unauzwa dukani umegandishwa na manyoya yake. Wanautupa kwenye moto manyoya yaungue, wanaukwangua na kisu butu mpaka unabaki mweupe, wanauzungushia karatasi ya foili, wanachimba shimo kwenye majivu ya moto wanaufukia. Saa nzima na ushee. Ukitoka, mafuta yake yananata vidoleni kama kongoro, ladha kati ya kongoro na mkia wa ng'ombe, chumvi basi. Na mkate wa majivuni pembeni.

Binti Kilindini

Picha basi jamani hata moja ya jaja.

Mtu wa Dodoma

Dada picha za watu siweki, nisamehe. Huku mtu akifariki picha yake inafichwa na jina lake halitamkwi, kwa muda mrefu, wengine miaka. Hata mwenye jina kama la marehemu anabadilishwa, anaitwa Kumanjayi. Mimi nilishakosea hapo, sio kijijini, kazini. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja alifariki, mimi asubuhi nikaingia ukumbini nikamtaja kwa jina nikiwapa pole jamaa zake, kwa upendo kabisa, kama tunavyofanya sisi. Akina mama wote wakainamisha vichwa, mmoja akatoka nje. Sikusahau ile sura. Sasa picha nikiiweka hapa leo, kesho kutwa ikitokea la kutokea nitaifutaje kwenye simu zenu?

Na mjane kule anaweza kukaa kimya, hasemi kabisa, miezi, wengine mwaka na zaidi, anaongea kwa mikono. Wana lugha kamili ya mikono, rdaka-rdaka, rdaka ni mkono. Jioni unaona akina mama wawili wamekaa moto huu na moto ule, mita 30 katikati, wanapiga stori ndefu bila sauti. Nilijifunza moja tu, kupindua kiganja juu, maana yake "vipi, nini, wapi", inatosha nusu ya maongezi ya siku.

Kituo cha uchoraji sasa. Warlukurlangu kilianza 1985, ni mali ya wachoraji wenyewe, jina lina maana ya kitu kilicho mali ya moto, kutoka kwenye simulizi la moto la eneo lililo kusini magharibi ya pale. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee 5 walichora milango 30 ya shule ya kijiji, kila mlango na Jukurrpa yake. Walitaka watoto wakienda darasani wasisahau nchi yao, wakichezea mlango wanagusa habari za babu zao. Milango hiyo sasa iko makumbusho ya South Australia. Majina ya wazee yapo vitabuni, mimi siyaandiki hapa, mmeshajua kwa nini. Jukurrpa Wazungu waliitafsiri ndoto lakini sio ndoto mnayoota mkilala. Ni jinsi nchi ilivyofanyika na bado inavyofanyika, nani alipita wapi akaacha kisima gani, na nani leo ana haki ya kukichora. Mtu hachori tu anachotaka. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini hachori ile ya jirani yake nzuri ya mvua, akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini haibi.

Ukumbi umejaa rangi, akina mama wamekaa chini turubai mbele, nukta kwa nukta kwa kijiti, na mbwa wamelala katikati ya makopo ya rangi. Kituo kinawatunza mbwa wa kijiji pia, kuwatibu na kuwalisha.

Mzee wa Nzega

Hapa umenifungua macho. Na hiyo mashine ya figo kijijini inawezekanaje? Huku kwetu hata mikoa mingine hawana.

Mtu wa Dodoma

Mkuu hiyo ni habari ya kujivunia. Watu wa Kintore na Kiwirrkurra, hao ni Wapintupi, magharibi zaidi, kilomita zaidi ya 500 kutoka mjini, waliona wazee wao wanakuja Alice Springs kwenye mashine na wanafia hapa, mbali na nyumbani. Serikali ikasema haiwezekani kupeleka mashine jangwani. Wakachora. Mwaka 2000 michoro ikapigwa mnada Sydney, ikapatikana zaidi ya dola milioni 1, mwaka 2004 mtu wa kwanza akasafishiwa damu Kintore nyumbani kwake. Ndio mwanzo wa shirika la mashine za figo linaloitwa Purple House, leo wana vituo vijiji vingi vya mbali pamoja na Yuendumu, na wana lori la zambarau lenye mashine ndani linalozunguka ili mgonjwa aende hata msibani au sherehe.

Nilimsindikiza jaja pale mara 3. Mashine ile ile, sindano zile zile kama za mjini. Ila mjini alikuwa anafumba macho masaa yote 4. Hapa mlango uko wazi, wajukuu wanaingia, mbwa anachungulia anafukuzwa, ndugu analeta nyama, na yeye anatoa amri kwa mkono mmoja ambao hauna mpira.

Siku moja kabla ya kuondoka alitaka tuchimbe sisimizi wa asali, yunkaranyi. Hawezi kuchimba tena kwa hiyo alikaa kwenye kiti chini ya mulga na kutuelekeza. Binti zake wanakagua ardhi, mimi naona udongo tu, wao wanaona tundu dogo kama la sindano na sisimizi mmoja anaingia. Mtaimbo na beleshi. Tukachimba mpaka mtu anaingia shimoni kifua kizima. Chini kuna vyumba, na kwenye dari la vyumba wananing'inia sisimizi wenye tumbo kubwa kama zabibu, rangi ya dhahabu, linapitisha mwanga. Unamshika kichwa, unang'ata tumbo tu. Utamu unapasuka mdomoni, kuna ukakasi kidogo kwa mbali, kama asali ya nyuki wadogo. Jaja akapewa wa kwanza, akamla taratibu, wa pili akanipa mimi, akaagiza waliobaki tufukie, wazaane.

Kijana wa Lodwar

Na saa hii yuko wapi shosho?

Mtu wa Dodoma

Amerudi mjini, wiki 2 ziliisha, yupo kwenye orodha anasubiri nafasi ya kudumu Yuendumu, wenye kusubiri ni wengi kuliko viti. Mimi namgeuzia kiti jioni kama kawaida.

Kuna jambo moja limebaki. Kwa hesabu ya jaja, mimi nikiwa Japangardi basi mama yangu aliyeko Dodoma ni Napurrurla, yaani binti yake wa kumzaa. Alinisumbua mwezi mzima anataka kuongea na binti yake. Nikapiga video, huku saa 2 usiku, Dodoma saa 7 na nusu mchana. Mama hajui Kiingereza, jaja hajui Kiswahili. Jaja akapindua kiganja juu, vipi. Mama akaangalia kidogo, naye akapindua kiganja. Wakaonyeshana vitu, mama akamwonyesha kuku na mtama ulioanikwa, jaja akamwonyesha mguu unaouma na blanketi lake. Karibu dakika 40, mimi nimeshika simu tu mkono umekufa ganzi.

Tangu siku hiyo mama akinipigia, kabla ya salamu yangu, anauliza, "mama yangu ameamkaje?"